Naombeni ushauri: kulea watoto wa wenzangu nyumbani kabla na baada ya masomo (Northampton, Uingereza)

MamaWawili aliandika:

Habari za jioni wanajamvi, na shikamooni wakubwa wote.

Ninaishi Northampton mwaka wa tisa sasa, nina ukaazi wa kudumu na watoto wawili wa miaka 6 na 11. Kazi yangu ni kuhudumia wazee kwa zamu za usiku, na mwili umeanza kunikatalia. Nyumba tunayopanga iko mwendo wa dakika sita kwa miguu kutoka shule anayosoma kitinda mimba wangu.

Tangu Septemba nimekuwa nikikaa na mtoto wa rafiki yangu, mwenye miaka 5, anayesoma darasa moja na wangu. Mama yake anafanya kazi ghalani na huingia mapema, kwa hiyo humleta kwangu saa moja na robo asubuhi, nikampa uji, kisha saa mbili na dakika arobaini nikawaacha wote wawili kwenye mlango wa darasa. Alasiri nawachukua saa tisa na robo na kukaa nao mpaka saa kumi na mbili jioni. Mwanzoni hatukutajiana fedha. Baadaye akaanza kuniachia pauni 10 kila siku juu ya kabati la viatu pale mlangoni, akisema ni ya sabuni. Sasa wazazi wengine wawili wa darasa hilo, ambao najuana nao kwa kusalimiana getini tu, wameniomba niwapokee watoto wao pia, kwa malipo.

Nauliza mambo matatu. Je, pauni 10 hizo zina tatizo kisheria? Kujisajili kunahitaji nini hasa, ikizingatiwa kwamba mdogo wangu wa kiume mwenye miaka 24, aliyefika kutoka Tanga mwaka juzi, anaishi nasi? Na je, kazi hii iliyokatika vipande viwili, asubuhi na jioni, inaweza kweli kunitoa kwenye zamu za usiku?

Shangazi_Coventry alijibu:

Marahaba mdogo wangu. Nimefanya kazi hii miaka kumi na moja, kwa hiyo utanivumilia nikirefusha maneno.

Nianze na pauni 10, kwa sababu ndizo zinazokuweka pabaya. Katika England (Wales na Scotland zina taratibu zake), mtu anayelea mtoto wa chini ya miaka 8 nyumbani kwake, kwa malipo na kwa zaidi ya saa mbili kwa siku, ni lazima awe amesajiliwa na Ofsted (mamlaka ya serikali inayokagua shule na huduma za watoto) au na wakala wa walezi. Ipo nafuu kwa marafiki, ambao wanaweza kulipana bila usajili ilimradi malezi hayazidi saa tatu kwa siku. Sasa piga hesabu yako. Asubuhi unakaa naye saa moja na dakika 25, jioni saa mbili na dakika 45, jumla saa nne na dakika kumi. Umeshavuka, na kuziita fedha za sabuni hakukuokoi. Wale wa getini ndio kabisa, kwa kuwa huwezi kusema ni marafiki zako, hivyo kikomo chao ni zile saa mbili.

Mpaka usajili utoke, mimi ningefanya hivi: mtoto wa rafiki yako ningeendelea naye bila kupokea hata senti, na wale wawili ningewaambia wasubiri, au ningewapokea asubuhi peke yake, kwa kuwa asubuhi haifiki saa mbili. Lakini hata hiyo asubuhi nisingeianza kabla sijakata bima.

Kuhusu usajili, kuna rejista ya watoto wadogo, yaani tangu kuzaliwa mpaka tarehe 31 Agosti baada ya mtoto kutimiza miaka mitano, na kuna rejista ya wakubwa kuanzia hapo. Watoto unaowataja wote wameingia kwenye ya wakubwa, lakini nakushauri uombe zote mbili, kwa sababu wadogo wa darasa la mapokezi (Reception, lile la kwanza kabisa shuleni) ndio ambao wazazi wao huhangaika zaidi kutafuta mtu. Halafu kuna kioja kimoja cha ada: wakati wangu rejista ya wadogo ilinigharimu pauni 35, na anayetaka ya wakubwa pekee alikuwa akilipa 103. Utahitaji mafunzo ya huduma ya kwanza kwa watoto ya saa 12, ambayo hurudiwa kila baada ya miaka mitatu, fomu ya afya, na ukaguzi wa rekodi za polisi kwa kila anayeishi nyumbani kuanzia miaka 16. Hapo ndipo mdogo wako anapoingia. Kwa kuwa hajamaliza miaka mitano tangu aondoke Tanzania, ukaguzi wa hapa hautatosha. Ofsted watataka pia cheti cha polisi kutoka huko nyumbani. Mwambie aanze leo, maana karatasi hiyo ndiyo itakayowachelewesha kuliko zote.

Idadi ya watoto ni sita wa chini ya miaka 8 kwa wakati mmoja, na wako wa miaka 6 yumo ndani ya hao sita. Kwa hiyo una nafasi tano. Usizijaze zote mwaka wa kwanza. Utaelewa sababu siku ya kwanza ya Desemba utakapotoka getini alasiri, giza linakaribia kuingia, mvua inapiga ubavuni, watoto wanne wamevaa fulana zinazong'aa, mmoja anasema glavu yake imebaki darasani, na huwezi kumrudisha yeye bila kuwarudisha wote. Mimi huwapanga wawiliwawili, wakubwa upande wa barabara isipokuwa nikiwa upande huo mwenyewe, na tuna nguzo ya taa ambayo hakuna anayeipita mpaka nimehesabu. Shuleni nako hakikisha jina lako limeandikwa na kila mzazi kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kumchukua mtoto, kwa sababu mwalimu anayeijua kazi yake hatakukabidhi mtoto kwa kuwa tu anakufahamu kwa sura.

Jambo la mwisho kwa leo ni chakula. Waulize wazazi kuhusu mzio kwa maandishi, kabla ya siku ya kwanza. Nilipika kisamvu cha karanga mchana kwa ajili ya mume wangu, nikaosha mwiko, nikautumia kukorogea tambi za watoto jioni. Mtoto mmoja alikuwa na mzio wa karanga. Aliniokoa yeye mwenyewe, maana aliisikia harufu akauliza. Tangu siku hiyo karanga haziingii jikoni kwangu muhula wa shule ukiwa unaendelea, na mzee wangu anakula kisamvu chake kwa dada yake.

BabaTumaini alijibu:

Dada, Shangazi amemaliza upande wa sheria, nami niongeze upande wa fedha. Mapato yako ya kujiajiri yakizidi pauni 1,000 katika mwaka wa kodi, unaoanza tarehe 6 Aprili, unapaswa kujiandikisha kwa mamlaka ya kodi kufikia tarehe 5 Oktoba baada ya mwaka huo wa kodi kwisha. Tunza risiti tangu siku ya kwanza, pamoja na zile za maziwa.

Kwa wasomaji wengine wanaotamani kufuata njia hii: MamaWawili ana ukaazi wa kudumu, lakini mwenye viza ya mwanafunzi kwa kawaida haruhusiwi kujiajiri, hata kama saa za kazi anazoruhusiwa kwa wiki hazijaisha.

Bi_Mkunazi alijibu:

Naomba nitofautiane kwa heshima. Sisi tumelelewa na majirani Tanga, Mombasa na Unguja, na hakuna jirani aliyewahi kuonyesha cheti. Mama wa mtoto ameridhika, mtoto anakula uji na anafika shule kwa wakati. Kuna haja gani ya kumwita mkaguzi aje kufungua makabati ya watu? Nahofia kwamba tukianza kuandikiana mikataba, undugu uliobaki kwetu huku ugenini utakwisha.

Shangazi_Coventry alijibu:

Bi Mkunazi, nakuelewa, na nilikuwa nikisema hivyohivyo. Kisha mtoto wa rafiki yangu, ambaye tumejuana tangu tukiwa wasichana, alijikwaa kwenye ngazi ya kwangu akavunjika jino la mbele. Mama yake hakupandisha sauti. Alikaa kimya kidogo kwenye simu, kisha akaniuliza polepole kama nina bima. Nilikuwa nayo, kwa sababu nilikuwa nimesajiliwa, na ndiyo maana mpaka leo tunaalikana Idi. Bila usajili nisingefikiria hata kuikata bima ile, na sidhani kama undugu wetu ungelipona jino lile.

Tena usajili unamsaidia hata mzazi. Yule anayetimiza masharti ya akaunti ya serikali ya malezi ya watoto, kila akiweka pauni 8, serikali humwongezea 2, mpaka pauni 500 kwa kila miezi mitatu kwa mtoto mmoja. Aliye kwenye ruzuku ya Universal Credit anaweza kurudishiwa hadi asilimia 85 ya gharama. Yote hayo hutolewa mtoto akiwa kwa mlezi aliyesajiliwa tu. Mama wa ghalani anayeacha pauni 10 juu ya kabati la viatu anazitoa zote mfukoni mwake, wakati huenda angestahili kusaidiwa.

Sasa swali lako la tatu, MamaWawili, ambalo hakuna aliyeligusa. Shule hufungua siku 190 kwa mwaka. Ukiwa na watoto watatu wa asubuhi na jioni, hesabu mapato yako kwa siku hizo 190, wala si kwa wiki 52, ndipo uyalinganishe na mshahara wako. Wengi huanguka hapo, kwa sababu huona wiki moja nzuri ya Oktoba wakaizidisha kwa 52. Ama ufungue na likizo, ama ubakize zamu mbili kwanza. Toza kwa kipindi, usitoze kwa saa, la sivyo utalipwa nusu saa kwa kazi iliyokufunga asubuhi nzima. Andika kwenye mkataba nani analipa mtoto akiugua, siku za mafunzo ya walimu itakuwaje, na mzazi akichelewa baada ya saa kumi na mbili atalipa kiasi gani. Na kabla ya yote, nenda ofisi ya shule uulize kama wana mpango wa kufungua klabu yao ya asubuhi na jioni, kwa sababu mwaka 2024 serikali ilianza kuzipa halmashauri fedha za kuanzisha huduma hizo.

MamaWawili aliandika:

Ahsanteni sana nyote, na Shangazi, Mungu akuzidishie. Ofisi ya shule wameniambia wana klabu ya asubuhi tu, na ya jioni hawajaifikiria. Nimefanya ile hesabu ya siku 190 nikaona nibakize zamu mbili za usiku mpaka majira ya joto.

Rafiki yangu nilipomrudishia pauni zake alinuna, akadhani nimechoka na mtoto wake. Nilimweleza mara mbili. Jana jioni alikuja mapema kuliko kawaida, akaketi jikoni, tukaandika pamoja saa, chakula na majina ya wanaoruhusiwa kumchukua, naye akaongeza mwenyewe kwamba mtoto hapatani na mayai. Miezi yote hii nilikuwa sijui. Mdogo wangu ameshatuma maombi ya cheti cha polisi. Kilichobaki ni ruhusa ya mwenye nyumba, nafikiri nimpigie simu kesho.

Shangazi_Coventry alijibu:

Usimpigie simu, mwandikie. Akikubali utahitaji kuwa na karatasi mkononi, na akikataa vilevile.