Tuna hela benki Trinidad na hatuwezi kuzituma nyumbani. Mnaotuita wabahili, someni hapa

Wakuu, nina hasira na leo siifichi. Huku nilipo ni saa nne usiku, huko nyumbani ni saa kumi na moja alfajiri. Mume wangu kaingia zamu ya usiku, niko peke yangu ndani, na nimesikiliza kwa mara ya tatu sauti aliyoituma wifi yangu kwenye kundi la familia. Dakika mbili na nusu. Anasema tumebadilika. Anasema mama anapofuka macho huku sisi tunakula bata ufukweni. Anasema kaka yake kashikwa akili na mke. Akamalizia kwa kuipandisha upya picha yetu ya Maracas, ile ya Pasaka, na chini yake ndugu wakapanga vile vikatuni vya kulia. Shangazi yao, mtu mzima ninayemheshimu, akaandika neno moja: "Laana."

Laana! Kwa watu waliokwenda benki siku nne kwa zaidi ya mwezi mmoja kutafuta dola mia saba za Marekani za kumtibu mama yao.

Kuhusu hiyo picha. Maracas ni ufukwe wa pwani ya kaskazini ya Trinidad, kisiwa cha Karibiani, unavuka milima kwa barabara ya kona kona. Sisi tunakaa Couva, katikati ya kisiwa, na hatuna gari. Siku ile jirani yetu alikuwa anawapeleka wajukuu zake akasema twendeni wote, msikae ndani kama wafungwa. Tukala papa wa kukaanga ndani ya mkate laini kama andazi, tukacheka, nikapiga picha nikaiweka. Tuna mwaka mmoja na miezi saba huku na tumefika ufukweni mara mbili. Mara mbili tu! Ila kwa ndugu zetu picha ile ndiyo imekuwa maisha yetu yote.

Maisha yenyewe ni haya. Mume wangu anafanya kazi Point Lisas, kwenye viwanda vinavyotumia gesi asilia kutengeneza amonia na methanoli. Alitokea kwenye gesi ya Mtwara, ndiyo maana wakamchukua. Kila zamu ina urefu wa saa kumi na mbili, wiki moja mchana, wiki moja usiku. Maji ya bomba mtaani kwetu yanakuja siku mbili kwa wiki, na yakija usiku inabidi niamke kuangalia kama tangi linajaa. Milango na madirisha yana nondo. Mwaka 2024 waliouawa nchi hii walizidi 600, na nchi nzima ina watu wapatao milioni moja na nusu. Tarehe 30 Desemba serikali ikatangaza hali ya hatari. Mume akiwa zamu ya usiku mimi sifungui mlango kwa mtu yeyote mpaka kuche.

Na mimi sifanyi kazi. Ni muuguzi, nimefanya wodi ya wazazi miaka tisa, lakini kibali cha mume hakimfuniki mke. Mgeni kama mimi anatakiwa awe na kibali chake. Cheti changu kiko sandukuni pamoja na pasi ya kunyooshea nguo niliyotoka nayo Tanga, ambayo nayo haifanyi kazi kwa sababu umeme wa huku ni volti 115 na ile ni ya 230. Unaichomeka nusu saa inapata uvuguvugu tu. Kwa hiyo mtu akiniambia nakula bata, anajua mimi naamka kufanya nini?

Sasa niwaeleze kuhusu hela, maana hapo ndipo tunapotukanwa.

Mkataba wa mume wangu umeandikwa kwamba mshahara "utakuwa sawa na dola 3,200 za Marekani kwa mwezi." Tulipousoma Tanzania tulipiga mahesabu tukashangilia. Hatukuliona neno "sawa na". Hakuna hata dola moja ya Marekani tuliyowahi kulipwa. Tunalipwa dola za Trinidad, kwa kiwango cha karibu 6.8 kwa dola moja ya Marekani, yaani kama 21,760 kila mwezi. Zinaingia benki bila tatizo. Ukitaka kununua chakula, kulipa kodi ya nyumba au umeme, unazitumia. Ukitaka kuzitoa nje ya nchi zinageuka karatasi.

Trinidad inaishi kwa gesi na mafuta, na dola za Marekani zinaingia kwa mlango huo. Bei ziliporomoka 2014, uzalishaji nao ukashuka, na 2018 wakafunga hata kiwanda chao cha kusafisha mafuta cha Pointe-à-Pierre. Dola zikawa chache lakini bei yake serikali imeishikilia palepale. Kitu kikiwa adimu na bei yake haipandi kinakuwa cha mgawo. Benki kuu inaziuzia benki, benki zinawagawia wateja kidogo kidogo, na mfanyabiashara mkubwa anatangulia. Wenyeji wenyewe wanalia. Jirani ana mpwa anayeagiza vipuri vya magari, anasema anapata robo ya anachoomba. Mliokuwa mnaagiza mzigo mwaka 2023 mkakosa dola Dar mnajua nasema nini. Tofauti ni kwamba nyie mlikuwa nyumbani kwenu.

Mwezi wa nane mama mkwe akaambiwa ana mtoto wa jicho, jicho la kulia, na la kushoto linafuata. Upasuaji, dawa, nauli na siku za kukaa mjini tukajumlisha ikaja kama milioni moja na laki nane. Dola mia saba. Kwenye akaunti tulikuwa na dola za Trinidad 31,000. Ukigawanya utaona tulikuwa na uwezo wa kumtibu mama mara sita.

Siku ya kwanza nilifika benki saa mbili kasoro, watu wameshapanga mstari ukutani. Saa nne nikafika dirishani. Nikaambiwa nilete pasipoti, kibali cha kazi cha mume, barua ya mwajiri, na barua ya hospitali inayoeleza sababu. Siku ya pili nikaja na vyote. Barua ya hospitali ilikuwa ya Kiswahili, nusu ukurasa na muhuri wa bluu. Yule binti wa dirishani aliigeuza mbele na nyuma, akaniuliza hii inasema nini. Nikamwambia inasema mama yetu anahitaji upasuaji wa macho. Nikamtolea tafsiri niliyoiandika usiku kwa mkono wangu. Akasema tafsiri haiwezi kuwa ya mwombaji mwenyewe. Nikamuuliza, dada, Couva hii nitampata wapi mtu mwingine anayejua Kiswahili? Akaniangalia kwa huruma kabisa, sitamsingizia, akasema ndiyo utaratibu. Ikabidi rafiki yangu mwalimu huko Tanga aitafsiri, aipeleke kwa mwanasheria igongwe mhuri, aitume. Siku tisa.

Siku ya tatu wakapokea. Wiki tatu kimya. Siku ya nne wakaniita kunijibu: dola mia mbili.

Mia mbili! Nilisimama pale dirishani na karatasi mkononi, nyuma yangu mzee mmoja anakohoa ili nimpishe, na machozi yalinitoka mbele za watu. Hela ni zetu. Mume wangu amezitolea jasho kwenye joto la kiwanda. Sijaomba mkopo wala msaada, nimeomba changu nikipeleke kwa mama yangu.

Mtaani dola zipo. Watu wanauza dola moja ya Marekani kwa nane na nusu za Trinidad. Ile mia saba ingetugharimu 5,950 badala ya 4,760. Mume wangu alikataa, na mimi nilimuunga mkono, kwa sababu ni kinyume cha sheria na sisi tuko huku kwa kibali ambacho kinaweza kufutwa. Siku ile ndiyo siku wifi aliyosema mume wangu "amekausha". Hakukausha. Alikaa kwenye ngazi za nyuma na buti za kazini miguuni mpaka giza likaingia, hakula.

Aliyetuokoa ni jirani. Sisi tunamwita Anti. Ni mama wa asili ya Kihindi, wazee wake ni katika wale walioletwa na Waingereza kuanzia 1845 kulima miwa. Uani kwake kuna mti wa embe ng'ong'o, wao wanaliita pommecythere, na wanalikata wakalila na chumvi na pilipili vilevile kama sisi. Tuliingia kujuana kwa hilo embe. Yeye ndiye alinifundisha kwamba ukipanda maxi, ndiyo daladala za huku, husemi kwanza unakokwenda, unawasalimu kwanza waliomo. Na ndiye alinionyesha unga wa mahindi wa njano dukani, ambao wao wanausonga na bamia. Tunausonga ugali kwa huo, hauna ladha ya nyumbani lakini unashiba.

Nilipomweleza Anti hakusema mengi. Ana mtoto wa kiume New York. Alimpigia palepale nikiwa nimekaa jikoni kwake. Yule kijana hatujawahi kuonana. Akatuma dola mia tano zikaingia Tanga kwenye simu ya shemeji yetu siku ileile, na sisi tukampa Anti dola zake za Trinidad mkononi, kwa bei halali ya benki. Hakuongeza hata senti. Alizihitaji kwa upatu wao, wanauita sou-sou, mambo yaleyale ya kina mama wa kwetu. Mia tano zile na mia mbili za benki ndizo zimemfungua mama jicho la kulia Jumatatu iliyopita.

Wakuu, mama anaona! Shemeji kanitumia picha yake ameketi kibarazani anachambua mchele mwenyewe. Na baada ya hapo, BAADA ya hapo, wifi yangu ndiyo anatuma sauti kwamba mpaka mtu baki atume ndiyo sisi tukaona aibu, kwamba hela ya New York si yetu, ni sadaka ya watu. Nimeeleza mara mbili kwenye kundi. Hakuna anayetaka kuelewa. Wameshaamua kwamba aliyeko Karibiani ana hela, na asiyetuma ana roho mbaya.

Basi naandika humu, na lawama zangu ziko sehemu mbili. Ya kwanza ni kwa kampuni iliyomchukua mume wangu na wakala aliyewaunganisha. Mlijua. Mmeleta wageni kabla yetu, mlijua kabisa dola hazitoki, na hamkutuambia. Mume wangu alipouliza ofisini kama sehemu ya mshahara inaweza kulipwa nje, akajibiwa kwamba hilo huwa linafanyika, ila linaombwa kabla ya kusaini. Kabla ya kusaini! Nyie mnaopigiwa simu sasa hivi za kazi za gesi, Trinidad au kwingineko, ulizeni hilo kwa maandishi: ni dola zenyewe au ni "sawa na", na zinaingia benki ya nchi gani.

Ya pili ni kwa ndugu. Sisi watu wa mbali tunajua tuna wajibu, na wajibu huo hatujawahi kuukimbia. Lakini mtu akikwambia amekwama, mwamini kwanza. Muulize amekwama vipi. Usimtangazie laana mbele ya watoto wake waliomo kwenye kundi hilohilo.

NYONGEZA: Nimesoma majibu. Mnaosema nitumie sarafu za mtandaoni, kuzinunua kunataka dola, na kadi yetu ina ukomo wa dola mia mbili za Marekani kwa mwezi. Hizo ndizo zinazomlipia mwanetu wa kwanza ada kidogo kidogo. Aliyesema nizibebe taslimu, noti za huku za mia ni za plastiki za bluu, na duka la kubadilishia fedha Dar nililolipigia simu wameniambia hawazichukui. Mnaouliza kwa nini tusirudi, mkataba ni miaka miwili, imebaki miezi mitano, na tukiuvunja tunalipa nauli zetu wenyewe. Na hapo ndipo usingizi unaponipaa, kwa sababu akiba yote na malipo ya mwisho vitakuwa dola za Trinidad vilevile. Jicho la kushoto la mama wamesema mwezi wa pili.

Kwa hiyo nina ombi. Kama humu kuna mzazi ana mtoto anakuja kusoma chuo kikuu pale St. Augustine, au mtu yeyote anayekuja kukaa Trinidad atakayehitaji hela ya matumizi, aniandikie faragha. Sisi tutampa huku kwa 6.8, yeye awape ndugu zetu shilingi Tanga. Anti naye yuko tayari kumpa chumba kwa wiki ya kwanza, nimeshamuuliza.