UKOO WA MZEE SHOMARI (biashara na vikundi vya mikopo marufuku)

*Jumatano*

Da Mwana, 18:52: Asalaam aleikum. Shauri la Shangazi Zuhura linasikilizwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya Jumanne ijayo. Yule bwana ana wakili. Shangazi ana udhu tu. Leo nimeshinda kwa wasaidizi wa kisheria. Naandika, someni mpaka mwisho, msinirushie vidole gumba.

Hamisi, 18:53: 👍

Da Mwana, 18:53: Hamisi!

Da Mwana, 19:01: Kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Huduma ni bure, na si kwa jinai peke yake kama Idi alivyotuambia msibani. Ardhi, mirathi, matunzo ya watoto, yote yamo. Anayestahili ni asiye na uwezo wa kuweka wakili wake. Tafsiri yenyewe haikutaja kiasi cha fedha, wanaangalia hali ya mtu. Anajaza fomu, na yule dada kasema aje na barua ya mtendaji.

Idi, 19:10: Asiye na uwezo? Nyumba ya vyumba sita, wapangaji wanne!

Da Mwana, 19:10: Ndiyo hiyohiyo inayogombaniwa Idi!! Kodi anakusanya yule anayedai kauziwa. Shangazi hajaiona tangu Ramadhani.

Hamisi, 19:12: Mimi niandikeni, sina uwezo hata wa bando 😂

Mama Tatu, 19:13: 😂😂 Hamisi na bando lake

Da Mwana, 19:14: Tuko kwenye jambo la maana jamani.

Idi, 19:16: Huyo msaidizi ndiye atasimama barazani?

Da Mwana, 19:19: Hapana. Yeye si wakili na haruhusiwi kudai hata senti. Anaandaa karatasi, anaelekeza, anatuunganisha na shirika lenye mawakili. Kwa hiyo tusichelewe. Na msiseme turudi Baraza la Kata, siku hizi kata inasuluhisha tu, haiamui. Tulikwishapita huko.

Idi, 19:22: Na Rashidi? Wataona mtoto yuko Muscat.

Da Mwana, 19:23: Nimeliuliza hilo. Yule dada kanijibu kwa swali: huyo mtoto anatuma?

Da Mwana, 19:40: Rashidi naona umesoma.

Idi, 19:44: Atajibu siku bati zikirudi.

Mama Tatu, 19:45: Idi jamani bati tena

Idi, 19:46: Bati 24. Nilizihesabu kwa mkono huu.

Mama Tatu, 19:46: Na misumari uliyoila wewe?

Hamisi, 19:47: Chuma kinaongeza damu 😂😂

Da Mwana, 19:58: Mkimaliza bati nisikilizeni. Tatizo si sheria, tatizo ni Shangazi mwenyewe. Fomu tulikuwa nayo mezani. Jina kaandika, kata kaandika, kwa ule mwandiko wake wa kulala. Kufika kwenye kipato kaweka peni, kafunga miwani kwenye kitambaa. Anasema: "Mimi binti Shomari niende kuomba barua ya ufukara kwa mtendaji niliyemzalisha mama yake?" Kaondoka. Chai hakuigusa.

Mama Tatu, 20:03: Maskini shangazi.

Da Mwana, 20:03: Neno hilo usimwandikie humu, na yeye yumo.

*Mama Tatu amefuta ujumbe huu*

Ba'mkubwa Salehe, 21:30: Nimesomewa na mjukuu. Mwana, waite majina mmojammoja uwaulize: nani kampa Zuhura fedha ya wakili? Kama yupo, sawa, asiandikwe. Kama hayupo basi hana uwezo, na aibu ya karatasi hiyo si yake. Mwambieni nimesema mimi aijaze.

Da Mwana, 21:34: Tumesikia Ba'mkubwa.

Idi, 21:51: Tumesikia.

*Alhamisi*

Rashidi, 02:17: Ndo natoka kazini. Shikamoo Ba'mkubwa. Wakili bei gani? Mwisho wa mwezi nitaangalia.

Da Mwana, 05:40: Mwisho wa mwezi, Rashidi? Shauri ni Jumanne!

Da Mwana, 05:41: Mtendaji anafungua saa mbili. Mimi leo niko zamu. Nani anampitia Shangazi?

Da Mwana, 07:15: ???

Idi, 07:32: Naweza kumpitia. Ila pikipiki haina mafuta.

Shangazi Zuhura, 07:36: Msije wengi.

Hamisi, 07:38: 👍