Gauni la malkia wa Ufaransa kwa mchezo wa shule: tushone nini, tuimbe nini?

Mwalimu_Malindi
Asalaam alaykum. Wasichana wa klabu ya Kifaransa wanaandaa mchezo wa dakika 20 juu ya Marie-Antoinette. Wameiona filamu ya Sofia Coppola ya 2006, na sasa kila mmoja ataka gauni la hariri lenye nyonga pana kama mlango. Pesa hazifiki hariri, na ukumbi hauna feni. Natafuta pia wimbo wa zamani wa Kifaransa wenye malkia ndani yake. Na ile kauli inayodaiwa malkia aliisema alipoambiwa watu hawana mkate, "basi na wale keki", niiweke wapi?

Fundi_Langoni
Waalaykum salaam, mwalimu. Shona melimeli, kile kitambaa chepesi cha pamba. Malkia mwenyewe aliivaa. Mwaka 1783 Élisabeth Vigée Le Brun alimchora na gauni jeupe la melimeli. Picha ilipotundikwa kwenye maonyesho ya Paris watu wakachukizwa, ikaondolewa, ikawekwa nyingine akiwa na hariri. Gauni likabaki na jina *chemise à la reine*, shimizi ya malkia. Shimizi mwaijua, nguo ya ndani, basi hamhitaji kuelezwa kelele zilitoka wapi!

Kwa msichana wa kimo cha kawaida nunua mita 6, upana sentimita 115. Fua kwanza, la sivyo gauni litapanda juu ya vifundo likishafuliwa. Kata mapande matatu ya mita 1.5, yaunge ubavu kwa ubavu mpaka yawe kama pipa, acha mpasuo wa sentimita 25 mbele na matundu ya mikono. Kisha piga njia tatu za utepe: shingoni, chini ya kifua na kiunoni. Ukivuta, marinda hujipanga yenyewe. Katika mita 1.5 iliyobaki, sentimita 60 ni za mikono miwili, zilizosalia ni za marinda ya shingo.

Linaloharibu kazi mara nyingi ni utepe: hukuushika kwa mishono michache katikati ya mgongo, utachomoka wote jukwaani. Poliesta usiiguse, haikubali kuvutwa, hukaa kama mwavuli. Na melimeli huonyesha mwili taa zikiwaka, kwa hiyo ndani ivaliwe shimizi ya pamba nzito. Mshipi mita 2.5, upana sentimita 20.

Mkomani
Mwalimu, keki itoe. Maneno yale yamo katika *Confessions*, kitabu cha mwandishi Rousseau, yakisemwa na "binti mfalme" asiyetajwa jina. Sehemu hiyo iliandikwa miaka ya 1760, naye Marie-Antoinette alifika Ufaransa 1770 akiwa na miaka 14. Tena si keki, ni *brioche*, mkate wa siagi na mayai. Mkiipenda sana, ipeni umati: mmoja amnong'oneze mwenzake "nasikia kasema…" Uvumi ndio uliommaliza, acheni uonekane.

Jambo la pili, asitoe amri kama Mwana Khadija aliyetawala Pate. Ufaransa mwanamke hakurithi kiti. Malkia alikuwa mke wa mfalme, au mama anayemshikia mwana mdogo. Nguvu yake ilipita sikioni mwa mtu, ndiyo maana filamu na nyimbo zao zimejaa barua, minong'ono na sumu.

Kwa wimbo, chukua *Le roi a fait battre tambour*, yaani "Mfalme kaamuru ngoma ipigwe". Mfalme amtamani mke wa markizi, mtu wa cheo. Mume anasema, ungekuwa si mfalme ningelipiza kisasi, lakini kwa kuwa ni mfalme, natii. Malkia hagombi. Atengeneza shada la mayungiyungi, yule mke wa markizi anusa, afa. Yungiyungi ndilo ua la wafalme wa Ufaransa: kamuua kwa nembo ya kiti chenyewe. Wapenzi wa taarabu wa Lamu watalifumbua fumbo hilo kabla ubeti haujaisha. Mstari wa kwanza wa kila ubeti hurudiwa: mmoja aimbe, kundi liitikie. Kosa la kawaida ni kuuchapua kama gwaride kwa sababu ya neno ngoma. Uimbwe polepole.

Umati ukiingia, *La Carmagnole*, wimbo wa mapinduzi wa 1792, inatosha. Humo malkia aitwa Madame Véto, "Bibi Kataa", kwa ile haki ya mfalme ya kukataa sheria.

Mwalimu_Malindi
Shukrani, nyote wawili. Nywele je? Wanataka kupaka unga ziwe nyeupe.

Fundi_Langoni
Unga na jasho la kaskazi ni uji. Pichani kavaa kofia pana ya majani, nawe ukili unao. Shona kwa kuzungusha, ukingo sentimita 15, utepe na unyoya mmoja. Ndani tia kichana kidogo kila upande, maana akiinama mbele ya mfalme itaanguka.

Mkomani
Filamu ya Coppola ni ya Kiingereza, na vile viatu vya raba vimetiwa kusudi, wasiviige. Wakitaka kuzoesha sikio Kifaransa, watazame *Les Adieux à la reine* (2012) ya Benoît Jacquot. *La Reine Margot* (1994) wasichukulie mishono: ile ni 1572, miaka mia mbili nyuma, na damu yake si ya wanafunzi.