Bunge likizuia pesa za Usalama wa Ndani, maombi ya DAPA ndiyo basi?

MamaWawili, 26 Februari 2015
Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Niko Ohio, Marekani, nahudumia wazee. Wanangu wawili wamezaliwa hapahapa, mimi ndiye sina makaratasi. Tangu Rais Obama atangaze DAPA Novemba 20, ule mpango wa kutuahirishia kufukuzwa sisi wazazi wa watoto raia, nimekuwa nikikusanya ushahidi. Chini ya kitanda nina boksi la viatu: risiti za kodi ya nyumba toka Oktoba 2009, kadi ya chanjo ya mwanangu mkubwa yenye mihuri ya kliniki, barua za shule. Sasa redio inasema Bunge linaigomea bajeti ya Wizara ya Usalama wa Ndani, na mwisho ni kesho usiku. Pesa zikikatika, ofisi inafungwa nasi tunaishia hapo? Halafu kuna mtu anajiita wakili, anataka dola 300 aniwekee nafasi kwenye foleni kabla mlango haujafungwa. Nimpe?

Mkalimani wa Jumamosi
Marahaba mdogo wangu. Usimpe hata senti. Foleni haipo, na fomu ya DAPA yenyewe haijatoka. Tena tangu tarehe 16 Jaji Andrew Hanen wa Brownsville, Texas, amesimamisha DAPA pamoja na nyongeza ya DACA, mpango kama huo wa walioletwa wakiwa watoto, kwa kesi iliyofunguliwa na majimbo 26. (DACA ya 2012 hakuigusa.) Anayekuuzia nafasi leo anakuuzia hewa. Mimi kila Jumamosi nawatafsiria watu wanaojaza fomu, na nimeshakaa na mama mmoja aliyeshika risiti ya kuandikwa kwa mkono, haina hata anwani, dola zake zimekwenda.

Kuhusu bajeti: Desemba Bunge lilipitisha pesa za serikali karibu yote hadi Septemba, ila wizara hii peke yake ikapewa hadi Februari 27 ili wapate pa kumbana Rais. Januari 14 Wawakilishi, baraza la chini la Bunge, wakapitisha bajeti yake kwa kura 236 dhidi ya 191, ndani yake wamepachika vifungu vya kuua DAPA na DACA. Seneti, baraza la juu, inataka kura 60 ili mjadala uanze. Februari 3 zilipatikana 51, na hapo ndipo muswada umekwama.

Lakini USCIS, idara ya wizara hiyo inayopokea maombi yetu, karibu pesa zao zote ni ada zetu wenyewe. Aliyeomba DACA alilipa dola 465, na ndizo zinazomlipa anayefungua bahasha yake. Wizara ikikosa fungu, dirisha hilo halifungwi. Watakaoumia ni askari wa mpakani na wakaguzi wa viwanja vya ndege, ambao watatakiwa kufika kazini bila mshahara. Nao wana watoto kama sisi, na hilo linaniuma.

Bahari2
Kaka Mkalimani, naomba kukusahihisha kidogo. Kifungu cha Wawakilishi kinataja ada pia, kwamba hata zilizomo kwenye akaunti ya USCIS zisitumike kwa mpango huo. Kwa hiyo ada si ngome. Bunge likiandika sheria, nazo zinashikwa.

Mkalimani wa Jumamosi
Kweli kabisa, na asante. Tofauti ni hii: kuacha kupitisha bajeti hakugusi ada, bali kuzizuia kunahitaji sheria kamili. Sheria hiyo ipite Seneti, kisha Rais aisaini. Akiikataa, watafute theluthi mbili kila upande, na hawana. Kinachomzuia MamaWawili leo ni amri ya jaji. Dada, macho yako yawe mahakamani.

Mkalimani wa Jumamosi, 4 Machi
Narudi kama nilivyoahidi kwa simu. Ijumaa usiku Wawakilishi walikataa nyongeza ya wiki tatu, wakakubali wiki moja usiku wa manane ukikaribia. Jana wamepitisha bajeti nzima bila vile vifungu, kura 257 dhidi ya 167. Wizara ina pesa hadi mwisho wa Septemba. Amri ya Hanen bado iko palepale.

MamaWawili
Asanteni sana ndugu zangu. Yule mtu nimemwambia sina cha kumpa, akakata simu. Boksi nimelifungua tena jana usiku. Risiti za 2009 ni za karatasi ile laini ya mashine, wino umeanza kufifia, mwezi wa Novemba hausomeki vizuri. Kesho nikitoka zamu nazipeleka zote kutoa nakala.