Usukani wa boti umekamata kabisa: naomba ushauri kabla ya kununua seti mpya

Nahodha wa Lyulilo aliuliza:

Wakuu, habari za kazi. Tuna boti ya faiba hapa Matema, wilayani Kyela, ambayo hubeba abiria na mizigo kati ya Lyulilo na Ikombe, na siku ya soko, Jumamosi, hujaa vyungu vya Wakisi mpaka abiria wanakosa pa kuweka miguu. Mashine yake ni ya nguvu farasi 40, imepachikwa tezini, na inaongozwa kwa usukani wa duara ulioko mbele, unaosukuma na kuvuta kebo moja inayopita ubavuni mpaka nyuma.

Boti ilikaa nchi kavu masika yote ikiwa imefunikwa turubai, ila mashine yenyewe ilikuwa wazi. Tulipotaka kuishusha majini, usukani uligoma. Unacheza kidogo tu, kiasi cha vidole viwili, kisha unasimama kama uliofungwa kwa mnyororo. Vijana wanashauri tuushike watu wawili tuuzungushe kwa nguvu, mwingine anasema tumwagie mafuta ya breki penye kutu na kusubiri, na muuza vipuri mmoja anataka tununue seti nzima, yaani usukani, sanduku lake la giya na kebo. Naomba kujua kilichokamata ni kipi hasa, na kama kinaweza kufunguliwa hapa hapa ufukweni. Ziwa letu, Nyasa, ni la maji baridi, kwa hiyo sikutegemea kutu ya namna hii.

Fundi Mwanjelwa alijibu:

Ndugu Nahodha, usinunue kitu bado, na tafadhali wazuie hao vijana. Usukani ukizungushwa kwa nguvu wakati huku nyuma kumekamata, nguvu yote huishia kwenye meno ya giya yaliyo ndani ya sanduku la mbele, au hupinda kebo, na hapo ndipo utakapolazimika kununua ile seti unayoikwepa.

Kwanza tafuta ni wapi palipokamata. Fungua bolti inayounganisha mashine na ule mkono mfupi wa chuma ulio mwisho wa kebo, kisha ishike mashine kwa mikono na uigeuze kushoto na kulia. Ikigeuka kwa urahisi, mashine haina kosa, na tatizo liko kwenye kebo au mahali inapopita. Ikiwa ngumu, basi kilichokamata ni mhimili wa mashine yenyewe, ambao grisi yake ya zamani imekauka ikawa kama lami. Hapo kebo haihusiki kabisa. Nimeona watu wakibadilisha kebo mbili mfululizo kwa sababu hawakufanya jaribio hili la dakika chache.

Kwa maelezo yako, nadhani ni la kwanza. Angalia zile pande mbili za alumini zinazobana tezi: kati yake kuna paipu ya chuma iliyolala kutoka upande mmoja hadi wa pili, na mashine inapoinuliwa huzunguka juu ya paipu hiyo. Mwisho wa kebo kuna rodi inayong'aa, nayo hupita ndani ya paipu hiyo hiyo na kutokeza upande wa pili, inakoshikana na ule mkono. Nafasi kati ya rodi na paipu ni ndogo mno, kwa hiyo maji ya mvua yakipenya na grisi ikakauka, kutu kidogo tu inatosha kuzifunga pamoja. Chumvi huharakisha mambo, lakini chuma, maji na hewa vinatosha, na mvua za Kyela unazijua kuliko mimi.

Kufungua ni hivi. Toa tanki na mpira wa petroli na uviweke mbali, kwa maana utatumia moto. Fungua nati kubwa inayoshika kebo kwenye mdomo wa paipu, kisha nyunyizia oili ya kulegeza kutu pande zote mbili na uiache ilale usiku kucha. Mafuta ya breki achana nayo, yatakubandulia rangi. Kesho yake pasha paipu joto taratibu kwa moto wa gesi ya kawaida, ukizungusha moto na kurudia oili kila chuma kinapopoa. Usikubali mtu alete mtungi wa kuchomelea: alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi za Selsiasi, na mchana haikuonyeshi wekundu kama chuma, unashtukia tu imebonyea.

Kisha igonge rodi irudi kule kebo ilikoingilia, lakini usipige ncha yake moja kwa moja kwa nyundo. Ncha ikitanuka haitapita tena ndani ya paipu. Weka kipande cha mti mgumu au shaba katikati. Rodi ikishazama usawa wa mdomo wa paipu, isukume kwa chuma cha mviringo kilicho chembamba kuliko rodi; kwa mashine nyingi rodi ina unene wa karibu milimita 16. Nondo ya ujenzi ingeingia, lakini mabaka yake yatachuna paipu kwa ndani, kwa hiyo tafuta chuma laini kwa mkerezaji.

Mvuvi wa Mtera alijibu:

Namuunga mkono Fundi kwa sehemu kubwa, ila nina neno kuhusu kinachofuata, kwa sababu huku kwetu bwawani, upande wa Iringa, usukani haukamati kwa mvua bali kwa vumbi na tope.

Rodi ikishatoka, ing'arishe kwa msasa laini wenye maji. Ndani ya paipu, funga msasa kwenye mpini wa mti na uzungushe mpaka kitambaa cheupe kipite na kutoka bila kutu. Rodi iliyoliwa mashimo haifai hata iking'aa, kwa kuwa yale mashimo yatahifadhi maji na kutu itarudi. Kisha paka grisi ya boti, ile inayohimili maji. Grisi ya kawaida ya bearingi za magari si zote zinazostahimili kunyeshewa.

Jambo ambalo mafundi wengi hawalisemi ni namna ya kupiga grisi baadaye. Kama paipu ina kitundu cha grisi, zungusha usukani mpaka rodi iingie yote ndani ndipo upige pampu. Ukipiga rodi ikiwa imetoka nje, ile nafasi tupu ndani ya paipu hujaa grisi, na rodi inapotaka kurudi inakuta grisi iliyobanwa isiyo na pa kwenda. Usukani utakamata upya, safari hii kwa grisi yako mwenyewe. Na ile sehemu ya rodi inayoonekana nje ifutwe kabla ya kila safari na kupakwa grisi nyembamba sana, kwani grisi nene hukusanya mchanga ambao rodi huuvuta ndani.

Fundi Mwanjelwa alijibu:

Hilo la kupiga grisi rodi ikiwa ndani ni sahihi kabisa, nashukuru kwa kuliongeza. Hilo la grisi nyembamba nalikubali kwa Mtera, lakini silikubali kwa Kyela. Boti inayolala chini ya mvua masika yote inahitaji rodi iliyofunikwa vizuri, na ni afadhali kufuta grisi chafu siku ya kuishusha kuliko kupasha paipu moto kila mwaka. Ukiiweka muda mrefu, acha rodi ikiwa imeingia ndani ya paipu na ufunike mashine pamoja na boti.

Nahodha wa Lyulilo aliandika tena:

Ndaga fijo, wakuu. Tumefanya kama mlivyoelekeza. Mashine ilipoachanishwa na mkono wake iligeuka kwa kidole, kwa hiyo tukaenda moja kwa moja kwenye paipu, na rodi imetoka ikiwa na kutu ya kahawia upande wa juu tu, bila mashimo. Paipu imesafishwa. Hata hivyo kebo yenyewe, ikiwa mkononi bila kuunganishwa popote nyuma, bado inakwaruza usukani unapozungushwa, na kuna mahali karibu na tezi ambapo gamba lake la plastiki limepasuka. Je, inaweza kutiwa oili kwa ndani?

Fundi Mwanjelwa alijibu:

Hapana, Ndugu Nahodha. Gamba likishapasuka maji yameingia kwenye waya wa ndani, na kebo hizi hazikutengenezwa kufunguliwa wala kutiwa oili. Oili italegeza kwa siku chache, kisha waya utakamata au kukatika ukiwa katikati ya Matema na Ikombe, pengine mwera, ule upepo mkali wa ziwani, ukivuma. Boti ya abiria haistahili kubahatisha namna hiyo. Lakini kebo ni kitu kimoja, si seti. Kama sanduku la mbele linazunguka laini kebo ikiwa imetolewa, libaki.

Urefu wa kebo hupimwa kwa futi na mara nyingi umechapwa kwenye gamba pamoja na namba ya aina. Kama maandishi yamefutika, usikisie wala usipime kwa kamba; ipe kebo ya zamani kwenye basi la Mbeya ili muuzaji ailinganishe na mpya, kwa kuwa vichwa vya kebo hutofautiana na sanduku moja halikubali kichwa cha jingine. Unapoipitisha ubavuni, kila kona iwe pana, nusu kipenyo chake kisipungue sentimita 20 hivi, kwani kona kali hufanya usukani mpya uwe mzito tangu siku ya kwanza.

Mvuvi wa Mtera alijibu:

Nyongeza fupi. Nati za ule mkono ni za kujifunga zenye pete ya plastiki ndani, na zikishafunguliwa hazirudishwi; nunua mpya pamoja na kebo. Baadhi ya watengenezaji hutaka nati ikazwe kisha ilegezwe robo mzunguko ili kiungo kicheze, wengine hawataki, kwa hiyo fuata kitabu cha mashine yako. Ukimaliza, zungusha usukani toka mwisho hadi mwisho mashine ikiwa chini, halafu rudia ikiwa imeinuliwa, huku mtu mwingine akiangalia kama kebo au mpira wa petroli unavutwa mahali.