Tumechoka kuwa nyaya za kuunganisha mifumo ya fedha ya serikali

Wakuu, mimi ni mhasibu serikalini, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Ni saa nne usiku, ndiyo kwanza natoka ofisini, na kesho saa moja asubuhi nitakuwa pale pale nikisuluhisha hesabu za benki za mwezi uliopita kwa rula.

Kwa rula, ndugu zangu. Taarifa ya benki imechapishwa, daftari la fedha limechapishwa, naweka rula chini ya mstari, natia vema kwa kalamu nyekundu, nashuka mstari wa pili. Mistari elfu na kitu. Kulinganisha orodha mbili ni kazi nyepesi kuliko zote kwa kompyuta, nami naifanya kwa mkono huku kompyuta imewaka mbele yangu, kisa mfumo wa malipo hausomi faili la benki.

Mfumo wa mapato nao hauongei na ule wa malipo. Bajeti ina namba zake za vifungu, yaani mafungu ya matumizi, manunuzi wana zao, na mishahara ipo kivyake. Kila ulipoletwa mfumo mpya tuliambiwa unakuja kutupunguzia kazi. Ukaja na nywila yake, mkufunzi wa siku mbili aliyeondoka asionekane tena, na ripoti yake ambayo lazima ikubaliane na za mifumo mingine. Wa kuzikubalisha ni mhasibu, na chombo alichonacho ni eksel.

Hiyo eksel nayo, niwaambie. Wiki iliyopita nilihamisha orodha ya walipwa. Akaunti zinazoanza na sifuri, sifuri zimeliwa. Akaunti zenye tarakimu 16, ya mwisho imegeuka 0, kwa sababu programu ile hutunza tarakimu 15 tu za namba, na haikutahadharishi. Usipoiweka safu kuwa ya maandishi kabla ya kubandika, fedha ya mtu inarudi, au inaingia kwa mtu mwingine kabisa. Niligundua saa kumi jioni na dirisha la malipo linafungwa saa kumi na nusu. Nilirekebisha akaunti moja moja, mikono inatetemeka. Nisingeona, hoja ya ukaguzi ingeandikwa kwa jina la nani? La aliyenunua mfumo?

Hili ndilo linaloninyima usingizi. Saini ni yangu, kosa la mashine linakuwa langu. Anayedhani natia chumvi aangalie yaliyowakuta mawakala wa posta wa Uingereza. Kati ya 1999 na 2015 zaidi ya 900 walitiwa hatiani, ushahidi ukiwa namba za mfumo uitwao Horizon, mfumo uliokuwa na kasoro. Watu walifungwa kwa upungufu wa fedha ambao haukuwepo. Ilifika 2024 ndipo Bunge lao likapitisha sheria ya kufuta hukumu zile. Kwa miaka yote hiyo mfumo uliaminiwa kuliko binadamu aliyekaa mbele yake.

Na wale wanaoimba kwamba mfumo ukija watumishi wapunguzwe, Kanada walijaribu. Mfumo wa mishahara wa Phoenix ulianza 2016 kwa ahadi ya kuokoa dola milioni 70 za kwao kila mwaka. Wataalamu wa mishahara wakaondolewa kabla mfumo haujasimama vizuri. Matokeo yake watumishi wakalipwa pungufu, wengine zaidi ya stahili, wengine hawakupata kitu. Ofisini kwetu kuna dada anayejua vifungu vyote kwa kichwa na anajua kila masurufu, zile fedha anazotangulizwa mtumishi kwa kazi, ambayo hayajarejeshwa. Anakaribia kustaafu. Hakuna aliyepangiwa kukaa naye.

Kazi yenyewe haipungui. Tumetolewa kwenye hesabu za fedha taslimu, yaani za fedha iliyoingia na kutoka tu, sasa tunatakiwa kuonyesha madeni, uchakavu na thamani ya kila jengo na kila gari. Ripoti zinatakiwa mapema zaidi na zenye maelezo mengi zaidi. Sipingi hata kidogo, wananchi wana haki ya kujua fedha yao ilipo. Ila idadi yetu ni ile ile, na usiku wa kufunga mwaka ofisi zote zinaingia kwenye seva moja, tunakaa tunatazama duara linazunguka.

Mtu asije kuniambia wahasibu tunaogopa teknolojia. Teknolojia ndiyo ninayoililia! Nataka faili la benki lisomwe kila asubuhi, kiasi na kumbukumbu namba zikilingana mfumo ufunge wenyewe, uniachie ile michache isiyolingana niitafute. Hapo ndipo akili ya mhasibu inahitajika. Nataka namba ya kifungu iwe moja kuanzia bajeti hadi leja, daftari kuu la hesabu. Hati ya agizo, hati ya mapokezi na ankara zipambanishwe na mfumo kabla vocha haijafika kwangu. Kifungu kisicho na salio kizuie oda siku inapoandikwa, maana sasa hivi najua hakuna fedha wakati mzabuni ameshaleta mzigo na amesimama mlangoni, na anayetukanwa ni mimi. Na kila badiliko libaki na jina la aliyelifanya na saa, ili siku ya mkaguzi niwe na cha kuonyesha.

Haya yote yapo tayari duniani, hakuna la kuvumbua. Tunanunuliwa skrini mpya kila mara na hakuna anayeuliza kama itaongea na ile ya zamani.

Wenzangu ambao kwenu benki inasomwa na mfumo moja kwa moja, tafadhali semeni mlifikaje hapo. Barua mlimwandikia nani, na muuzaji mlimbana na kipengele gani cha mkataba? Namwandikia afisa masuuli, mkuu anayewajibika kwa fedha za ofisi, kabla ya Ijumaa, na sitaki kwenda mikono mitupu.