IST inagonga mguu wa mbele kushoto, shokapu nimebadili sauti iko palepale

NyotaYaGoba:
Habari za jioni wakuu, naombeni msaada maana hapa nilipofika nimekwama. Nina Toyota IST ya 2004, ile ya cc 1300, natumia kila siku Goba kwenda mjini na kurudi, mara mojamoja naenda nayo Morogoro kwa wazazi. Kama mwezi na nusu umepita nilidumbukia kwenye shimo usiku mvua inanyesha, shimo limejaa maji sikuliona, mguu wa mbele kushoto ukapiga kishindo na toka siku hiyo gari inagonga. Sio kishindo kikubwa, ni ko-ko-ko kama mtu anabisha hodi kwa kidole chini ya miguu yangu, naisikia nikiwa mwendo mdogo kwenye barabara ya vumbi ya mtaani, nikishaingia lami nikafika 60 siisikii kabisa.

Fundi wa kwanza aliikandamiza gari mbele mara mbili tatu akasema shokapu zimekufa. Nikanunua mbili za mbele, nikalipa na ufundi, nikaondoka pale na sijafika hata nyumbani sauti ni ileile. Nimerudi kwake sasa hivi anasema ni stelingi raki, ule mtambo unaogeuza matairi ukizungusha stelingi. Fundi mwingine anasema injini mauntingi, zile raba zinazoshikilia injini. Kila fundi anataja kifaa chake na mimi hela ya raki ndo ada ya mtoto, siwezi kuitoa kwa kubahatisha. Alafu nabeba watoto humo, nauliza pia kama kuna hatari ya mguu kuchomoka.

Msafiri_Moro:
Pole dada. Hiyo ko-ko-ko ya mwendo mdogo kwenye vumbi asilimia kubwa ni stabilaiza linki, kale kachuma kembamba kanakoshika shokapu na stabilaiza, ile bomba ndefu inayovuka chini ya gari. Mi yangu ilinisumbua miezi minne, nikabadilisha mauntingi za shokapu (raba zinazoishika kwa juu) bure kabisa, kumbe linki ya kulia ilikuwa inacheza kama jino bovu. Bei yake haifiki hata robo ya shokapu. Anza nayo hiyo.

Fundi_Miguu:
Dada yangu, usinunue chochote kwanza. Kazi ya miguu naifanya miaka mingi na kinachoniuma ni kuona mteja anavalishwa vifaa vipya vya moto wakati kibovu kiko palepale kinamwangalia. Sauti ya chini inasafiri kwenye bodi, unaweza kuisikia kushoto kumbe iko kulia, kwa hiyo sikio peke yake halitoshi, inabidi kifaa chenyewe kikuonyeshe kwamba kinacheza.

Anza na hili hata bila fundi. Tafuta tuta ulivuke polepole, mara ya kwanza matairi yote mawili ya mbele yapande pamoja, mara ya pili liingie kwa upande ili tairi la kushoto litangulie. Stabilaiza inafanya kazi pale tairi moja linapopanda na lingine limebaki chini, yakipanda pamoja yenyewe inatulia tu. Kwa hiyo ikigonga ukiingia kwa upande na ikinyamaza ukivuka sawasawa, Msafiri amepatia. Ikigonga kote kote tunahamia kwenye bushi (raba) za wishboni, ule mkono wa chuma unaoshika mguu kwa chini, boljointi, kile kiungo cha duara kwenye ncha ya wishboni upande wa tairi, na mauntingi za shokapu. Pia mahali pabovu papaleee unapopita kila siku, gusa breki kidogo tu wakati inagonga, sauti ikikatika angalia breki pedi na pini za kalipa kabla ya kugusa mguu.

Sasa ukifika kwa fundi. Linki isikaguliwe gari ikiwa imepigwa jeki upande mmoja, hapo stabilaiza imejikunja na linki imevutwa imekaza, hata iliyokufa itaonekana nzima. Gari iwe chini kwenye shimo la mafundi au inyanyuliwe mbele yote sawasawa, fundi aishike linki kwa mkono aitikise, utasikia tik tik kwenye vidole. Angalia na kile kiraba cha kichwani, kikipasuka grisi inatoka mchanga unaingia, hapo imeshaisha.

Boljointi na tairodi ni kwa jeki, tena na stendi, mtu asiingie chini na jeki peke yake jamani. Shika tairi juu na chini ulisukume uvute, likicheza ni beringi au boljointi, mwenzako akanyage breki, mchezo ukiisha ni beringi, ukibaki ni boljointi. Shika kushoto na kulia, likicheza ni tairodi endi au rak endi, vile viungo vya fimbo inayotoka kwenye raki kwenda kwenye tairi. Alafu kwa boljointi apenyeze nondo kati ya wishboni na nako (chuma kinachobeba tairi) anyanyue taratibu, huku wewe unaangalia kama kuna kuachana. Swali lako la watoto jibu lake liko hapa: linki ikikatika gari italala zaidi kwenye kona na kupiga kelele lakini mguu unabaki mahali pake. Boljointi ikichomoka tairi linalala nje na gari haiongozeki tena. Hiyo ikionekana inacheza hata kidogo, usiiendeshe kwenda Morogoro wala popote, na usikubali kuchomelewa au kugongwa nyundo ili ikaze, nunua mpya.

Raki iache mpaka mwisho. Injini izimwe, mtu atingishe stelingi kushoto kulia harakaharaka bila kuzungusha tairi na wewe umeshika rak endi. Ikiwa mbovu mkono utaambiwa.

Mwendapole:
Naongezea kwa sababu dada kasema shokapu zimefunguliwa juzi. Ile nati ya juu kabisa ya shokapu, pale ukifungua boneti, isipokaza vizuri inagonga vilevile. Weka mkono kwenye springi, usizibane vidole katikati, mtu azungushe stelingi gari imesimama, kama mauntingi imekufa utasikia springi inajikusanya alafu inaruka ghafla kwenye kiganja. Na toa jeki na spana zote kwenye buti uone, mi mwenyewe nimeshawahi kutafuta sauti wiki nzima ikawa ni spea tairi limelegea.

Kuhusu injini mauntingi, hiyo inagonga zaidi ukiweka D au R na ukikanyaga mafuta kuanza kuondoka. Haina uhusiano sana na mashimo.

NyotaYaGoba:
Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimefanya ya matuta jana asubuhi kabla foleni haijaanza. Kuvuka sawasawa: kimya, isipokuwa mara moja ikatoa du moja nzito nilipofunga breki mbele ya tuta. Kuingia kwa upande: ko-ko-ko, wazi kabisa. Spea na jeki nimetoa, hakuna tofauti. Hiyo du moja ya breki ni nini tena?

Fundi_Miguu:
Umefanya vizuri, na umenipa kitu muhimu. Ko-ko-ko ni linki. Du moja ya breki ni nyingine, hiyo ni bushi ya nyuma ya wishboni, ile kubwa. Ukifunga breki tairi linarudishwa nyuma na wishboni nzima inataka kusogea, bushi ikiwa imechanika chuma kinapiga chuma. Lile shimo lilipiga vyote viwili. Mwambie fundi aipindue kwa nondo utaona raba inaachana na chuma.

NyotaYaGoba:
Nimerudi wakuu. Nilikwenda kwa fundi mwingine nikasimama naye shimoni na simu nawasha tochi. Linki ya kushoto kaitikisa na vidole viwili tu inapiga tik tik, kiraba kimechanika na grisi imegeuka tope jeusi lenye mchanga. Bushi ya nyuma ya wishboni raba imepasuka nusu duara, nondo ikiingia unaona mwanga. Boljointi kaipima mbele yangu pande zote mbili, haichezi. Raki nzima kabisa. Nimenunua linki mbili na bushi, kesho anafunga.

Fundi_Miguu:
Kabla hajafunga mwambie hivi na usiondoke mpaka umeona: bolti za wishboni azishike kwa mkono tu gari ikiwa juu, aishushe chini matairi yakanyage, aisukumesukume ikae, ndo akaze kwa nguvu. Akikaza mguu ukiwa unaning'inia, raba inabaki imejinyonga muda wote gari ikiwa barabarani na itachanika mapema. Baada ya hapo peleka alaimenti, matairi yapangwe yanyooke.

NyotaYaGoba:
Amefunga leo mchana, bolti za wishboni kakazia chini kama ulivyosema. Nimepita njia yetu ya vumbi na madirisha nimefunga, redio nimezima, watoto nimewaambia wanyamaze. Nasikia mawe tu yanagonga chini.